Kambale Wadogo wa Matangini: Historia ya Wafagiaji Walioachwa na Njaa

Mwaka 1850 mwanakemia Robert Warington alikieleza Chama cha Wanakemia cha London jaribio lake la kuwafuga samaki dhahabu wawili pamoja na mmea wa majini katika chombo kimoja, ili mmea uwape samaki oksijeni na samaki waurutubishe mmea. Majani yalipooza na maji yakachafuka, Warington alitia konokono wachache, nao wakala mabaki na ute hata maji yakatakata. Tangu hapo wafugaji walizoea kuona kwamba kila tangi linahitaji kiumbe wa kulifagia.

Kazi hiyo baadaye walipewa kambale wadogo wa Amerika ya Kusini wa ukoo wa Loricariidae. Tofauti na kambale wa Afrika Mashariki, mwenye ngozi tupu na anayeweza kuzidi urefu wa mita moja, hawa wamevikwa mabamba ya mfupa, na mdomo wao wa upande wa chini ni kinyonyeo cha kung'ang'ania mawe penye mkondo mkali huku wakikwangua mwani, yaani ule ute wa kijani unaoota juu ya vitu vilivyokaa majini. Miongoni mwao wamo Otocinclus, jenasi iliyoelezwa kisayansi na Mmarekani Edward Drinker Cope mwaka 1871, ambao kwa kawaida hawafiki hata sentimita 5.

Kwa kuwa samaki hao waliuzwa kama wafagiaji, wafugaji wengi waliamini kwamba wangejitafutia riziki kwenye kioo, ilhali tangi jipya halina mwani wa kutosha, na Otocinclus, ambao hadi leo wengi wao huvuliwa mitoni, mara nyingi hufika dukani wakiwa wamedhoofishwa na njaa ya safari. Vifo vya wiki za mwanzo vilihesabiwa kuwa udhaifu wa maumbile yao, ingawa dalili ilikuwa wazi: aliyeshiba tumbo lake huwa la mviringo, na mwenye njaa tumbo lake hubonyea.

Wafugaji waliojifunza kulisoma tumbo hilo waligeuza desturi, wakaliacha tangi wiki kadhaa hadi mawe yaote ute, wakawaweka Otocinclus kwa makundi, na jioni wakazamisha kwa jiwe dogo kipande cha tango au mchicha uliochovywa katika maji ya moto, kisha wakayatoa mabaki kabla hayajaoza.

Elimu hiyo ilizidi kuhitajika aina zilipoongezeka. Mwaka 1988 jarida la Kijerumani la DATZ lilianza kuwapa namba zenye herufi L kambale wa ukoo huu walioingia sokoni bila jina la kisayansi. L046, mwenye mistari myeusi na myeupe, atokaye mto Xingu nchini Brazil, aliitwa Hypancistrus zebra mwaka 1991, na ikabainika kwamba, licha ya kinyonyeo chake, hupendelea vyakula vya nyama kuliko mwani. Mwaka 2022, bwawa la Belo Monte likiwa limekwisha kuubadili mto huo, mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ulimwingiza katika Kiambatisho cha Pili.

Samaki hawa hawakuumbwa kusafisha vioo. Anayenunua kambale huyu na amwandalie chakula kabla ya kumpa kazi.