Askari Wepesi wa Ugiriki na Roma, na Majina Waliyobandikwa

Mwaka 424 KK, majira ya baridi yakianza, jeshi la Athens lilipambana na majirani zake wa Boeotia huko Delium, palipokuwa na hekalu la Apollo. Athens ilipigwa vibaya. Thucydides, Mwathene aliyewahi kuwa jemadari na ndiye aliyeandika historia ya vita virefu vya Athens na Sparta, ambavyo pambano hili lilikuwa sehemu yake, ametuachia hesabu ya waliokufa: upande wa Boeotia karibu 500, upande wa Athens karibu 1,000, akiwemo jemadari wao Hippocrates. Kisha anaongeza kwamba walikufa pia askari wepesi na wachukuzi wa mizigo, wengi. Wangapi, hasemi. Na si kwamba hesabu ilimshinda. Kabla ya hapo ameorodhesha jeshi la Boeotia lilivyokwenda vitani: askari wazito 7,000, wapanda farasi 1,000, askari wepesi zaidi ya 10,000. Wepesi walihesabika walipokuwa wamesimama. Walipolala chini maiti, ilitosha kusema ni wengi.

Ukitaka kujua kwa nini, anza na pesa. Katika miji ya Ugiriki ya kale serikali haikumvisha askari. Kila mtu alikuja vitani na vyake. Mwenye shamba na akiba alijinunulia ngao ya mviringo ya mbao, upana wake karibu mita moja, chapeo ya shaba, deraya na mkuki mrefu wa kuchomea. Huyo ndiye askari mzito, aliyeitwa hoplites, jina linalotokana na neno la silaha na zana zake, na mwili wake wote ulitangaza uwezo wake. Maskini alikuja na alichonacho: mikuki miwili mitatu ya kurusha, kombeo, pengine mawe ya kuokota tu.

Huyu wa pili, askari mwepesi, aliitwa psilos, yaani mtupu. Neno hilo hilo Wagiriki walilitumia kwa kilima kisicho na miti, na kwa maandishi yasiyo na mizani wala muziki, yaani nathari. Mpaka leo limo katika alfabeti yao: herufi epsilon na upsilon maana yake ni “e tupu” na “u tupu”. Jina lingine lilikuwa gymnes, kutoka gymnos, yaani uchi, asili ileile iliyotuletea neno jimnastiki. Hawakuwa uchi kwa kweli. Walivaa nguo zao za kila siku, wengine na joho la sufi walilozungushia mkono wa kushoto badala ya ngao. Lakini machoni pa aliyevaa shaba, asiyekuwa nayo alikuwa uchi.

Mimi nasoma dharau katika majina haya, na sioni njia ya kuyasoma vingine. Mtu hakuitwa kwa alichoweza kufanya. Aliitwa kwa alichokosa kununua. Ushahidi mzito unatoka Argos. Pollux, mwanachuoni wa karne ya 2 BK, anapotaja watu waliokuwa katikati ya uungwana na utumwa, anawaweka mahelote wa Sparta, na pamoja nao anawataja gymnetes wa Argos. Huko jina la askari asiye na deraya lilikuwa limegeuka kuwa jina la tabaka zima la watu wa kutumikishwa.

Mwanahistoria Herodotus, kwa haki yake, aliwahesabu. Anasema huko Plataea mwaka 479 KK, Waajemi walipofukuzwa Ugiriki, kila Msparta kati ya 5,000 alizungukwa na mahelote 7, jumla yao 35,000. Anasema pia Wasparta walichimba makaburi matatu baada ya vita, na moja lilikuwa la mahelote. Kaburi walipata, jina la hata mmoja wao hakuliandika.

Yako majina mengine yasiyo na kejeli, yanayomtaja mtu kwa kazi yake. Toxotes alikuwa mpiga upinde, na waliosifiwa zaidi walitoka kisiwa cha Crete. Sphendonetes alikuwa mpiga kombeo. Akontistes alikuwa mrusha mkuki, na kazi yake inastahili kutazamwa kwa karibu. Alichukua ukanda mwembamba wa ngozi, Wagiriki wakiuita ankyle na Warumi amentum, akauzungusha kwenye mpini wa mkuki na kuacha kitanzi kidogo. Ndani ya kitanzi aliingiza kidole kimoja au viwili. Aliporusha, ukanda ulifunguka na kuuzungusha mkuki kama risasi ndani ya mtutu, na mkono wake ukawa kama umerefuka. Mkuki ulikwenda mbali na ulikwenda umenyooka. Ukanda wa ngozi ni kitu cha bei ndogo, na umeua watu waliovaa mali ya shamba zima.

Kaskazini mwa Ugiriki, huko Thrace, kulikuwa na wapiganaji waliobeba ngao ndogo iliyoitwa pelte: fito zilizosukwa, zikafunikwa ngozi ya mbuzi au kondoo, umbo lake mara nyingi kama mwezi mwandamo. Kutokana nayo Wagiriki walimwita mpiganaji wa aina hiyo peltastes. Hatimaye askari mwepesi alipata jina linalotaja alichonacho, na ni mapeltasti hawa waliokuja kuwatia adabu watu wa ngao kubwa.

Somo la kwanza walilipata Waathene. Mwaka 426 KK jemadari Demosthenes aliingia milima ya Aetolia, ambako wenyeji walishuka mbio kutoka vilimani, wakarusha mikuki, wakakimbia, wakarudi tena. Askari wazito wapatao 120 wa Athens walikufa pale, vijana ambao Thucydides anawataja kuwa bora kuliko wote ambao mji huo uliwapoteza katika vita vyake na Sparta. Demosthenes hakusahau. Mwaka uliofuata, katika kisiwa cha Sphacteria, aliwashushia Wasparta 420 waliozingirwa wapiga upinde 800 na mapeltasti 800, mbali na umati wa wapiga makasia wenye silaha za kuungaunga. Wasparta hawakuweza kuwafikia wala kuwafukuza. Waliosalia 292 walijisalimisha, na Ugiriki nzima ilishangaa, maana kila mtu aliamini Msparta hufa na silaha mkononi. Mmoja wa mateka, alipoulizwa kwa kejeli kama waliokufa ndio waliokuwa mashujaa, aliuita mshale “pia”, ile ya mwanamke ya kusokotea uzi, akasema ingekuwa na thamani kubwa kama ingejua kuchagua mashujaa. Yu kifungoni, ameshindwa, na bado anaitukana silaha iliyomshinda.

Miaka 35 baadaye dharau hiyo ililipiwa. Wakati wa vita vya Corinth, Wasparta walikuwa wakiwacheka washirika wao wa Mantinea kwamba wanawaogopa mapeltasti kama watoto wanavyoogopa zimwi. Mwaka 390 KK kikosi chao cha askari wazito wapatao 600 kilikuwa kimewasindikiza wenzao wa Amyclae waliokuwa wakienda nyumbani kwenye sikukuu ya Hyakinthia. Wakati wa kurudi Lechaeum, bandari ya Corinth, wapanda farasi waliachwa waendelee na msafara, na askari wa miguu wakarudi peke yao chini ya kuta za mji wa adui. Walijua ndani mna mapeltasti. Hawakuwajali.

Iphicrates, kijana wa Athens aliyewaongoza mapeltasti, aliliona hilo kutoka mjini. Alitoka na watu wake, na nyuma yao jemadari Callias akawapanga askari wazito wa Athens. Mikuki ikaanza kuruka, mingi ikipiga upande wa kulia usiofunikwa na ngao. Kamanda wa Wasparta aliamuru vijana wa miaka kumi ya kwanza ya utumishi wawakimbize adui. Walikimbia na shaba zao zote. Mapeltasti wakarudi nyuma kwa amri, wasiweze kukamatwa. Vijana walipogeuka wametawanyika na kuhema, mapeltasti wakawageukia na kuwaua. Likatumwa kundi la miaka kumi na tano. Wakafa wengi zaidi. Farasi walipofika waliendeshwa sambamba na askari wa miguu badala ya kuwafuata wakimbiaji, na hawakusaidia kitu. Mwisho mabaki ya kikosi yalijikusanya kwenye kilima kidogo karibu na bahari, na walipoona askari wazito wa Athens wanakuja, wakavunjika. Wengine walijitupa majini. Waliokufa, anasema mwanahistoria Xenophon, walikuwa kama 250.

Mfalme Agesilaus wa Sparta aliyerudisha jeshi nyumbani alihakikisha wanaingia katika kila mji usiku sana na kuondoka alfajiri sana. Mantinea waliipita gizani, kabla hakujapambazuka. Hakutaka askari wake waone furaha kwenye nyuso za watu wale waliochekwa kwa kuogopa zimwi.

Tangu hapo hakuna jemadari mwenye akili aliyewadharau askari wepesi. Alexander Mkuu alikwenda nao mpaka Asia, na warusha mikuki wa kabila la Agrianes walikuwa karibu naye katika kila vita kubwa. Waandishi wa vitabu vya mbinu za vita nao wakawapangia nafasi: Arrian, katika karne ya 2 BK, anawagawa askari wa miguu mafungu matatu, hoplites, psilos, na peltastes katikati yao. Vitabu hivyo viliwapa askari watupu hata vikosi vyenye hesabu kamili, psilagia ikiwa watu 256 na epitagma watu 8,192. Ni hesabu za mezani, lakini ni heshima iliyochelewa.

Roma ilikuwa na majina yake. Ya zamani zaidi ni pamoja na rorarii, na Varro, mwanachuoni wa karne ya 1 KK, analihusisha na ros, yaani umande: kwa kuwa manyunyu hutangulia mvua, na hawa ndio waliotangulia kuanzisha vita. Sina hakika Varro alikuwa sahihi kuhusu asili ya neno, lakini jina halina dharau ndani yake. Jina lililodumu zaidi ni velites. Mwanahistoria Polybius anaeleza kwamba katika legioni ya watu 4,200, velites walikuwa 1,200, na walichaguliwa kwa kuwa wadogo kwa umri na maskini kuliko wote. Kila mmoja alikuwa na upanga, ngao ya mviringo ya futi 3, na mikuki ya kurusha yenye mpini wa dhiraa mbili, unene wa kidole, na ncha ya chuma ya shubiri moja. Ncha hiyo ilifuliwa nyembamba makusudi, ikipiga mara moja inapinda, ili adui asiweze kuuokota mkuki na kuurudisha.

Tena walivaa ngozi ya mbwa mwitu juu ya kofia. Polybius anatoa sababu mbili: iwakinge, na iwe alama ya kuwawezesha wakubwa wao kuona nani anapigana kiume na nani anajificha. Hapa ndipo ninapoiona Roma tofauti na Athens na Sparta. Velites walikuwa maskini vilevile, lakini mfumo ulitaka waonekane, mmoja mmoja. Jina lao liliingia hata katika mazungumzo ya nyumbani. Plautus, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha, anakitumia kitenzi velitari kwa mume na mke wanaorushiana maneno.

Lakini velites hawakudumu. Katika maandishi ya Julius Caesar hawamo tena. Kazi yao imechukuliwa na wageni. Mwaka 57 KK, kuuokoa mji wa Bibrax huko Gaul, alituma Wanumidia kutoka Afrika Kaskazini, wapiga upinde wa Crete na wapiga kombeo wa visiwa vya Balearic. Kuhusu hawa wa mwisho mwanahistoria Diodorus anasimulia kwamba mama alimtundikia mtoto mkate kwenye nguzo, na mtoto hakuula mpaka aupige kwa kombeo.

Tunaolijua kombeo kwa kisa cha Daudi tusidhani lilikuwa silaha ya mchungaji tu. Xenophon anasimulia jinsi Wagiriki waliokwama ndani ya Uajemi mwaka 401 KK walivyookolewa na Warhodes 200 walioondolewa safuni na kupewa makombeo, kwa sababu risasi zao za risasi, yaani madini yenyewe, zilikwenda mara mbili ya mawe ya Waajemi. Risasi hizo zinachimbuliwa hadi leo. Warumi waliziita glandes, matunda ya mwaloni, kwa umbo lake. Nyingine zina jina la mfalme Philip, baba yake Alexander, zilizorushwa katika mji wa Olynthus. Nyingine zina matusi kutoka mzingiro wa Perugia wa mwaka 41 na 40 KK. Na baadhi ya zile za Kigiriki zimeandikwa neno moja tu: “Pokea”.

Majina haya yamepanda cheo kuliko waliokuwa nayo. Euzonos, aliyejifunga vizuri kiunoni, lilikuwa neno la askari asiye na mzigo. Leo ndilo jina la walinzi wa heshima mbele ya bunge la Ugiriki mjini Athens. Na mwaka 1804 Napoleon alipounda vikosi vya vijana katika walinzi wake aliviita vélites, jina la askari maskini kuliko wote wa Roma. Sharti la kujiunga lilikuwa familia ya kijana ilipe faranga 200 au zaidi kila mwaka.