Kura za Shaba za Athens

Azuruye uwanja wa kale wa Athens uitwao Agora, akitaraji kuona mahakama za nguzo na marumaru, hatazipata. Chini ya jengo la Attalos, lililojengwa upya kati ya 1953 na 1956, wachimbuaji walikuta misingi tu ya kuta za kawaida. Habari kubwa imehifadhiwa na vitu vidogo vya kutosha kiganjani.

Vitu hivyo ni visahani vya shaba, kila kimoja kina mhimili mfupi katikati. Mhimili wenye tundu ulimpa haki mdai. Usio na tundu ulimpa haki mshtakiwa. Baadhi vimeandikwa “kura ya umma”. Mwamuzi alipewa vyote viwili, akavishika kwa vidole akiziba ncha za mihimili, jirani asitambue kipi ni kipi. Kile cha hukumu yake alikitia katika mtungi wa shaba, na kilichosalia katika mtungi wa mti.

Utaratibu huu umeelezwa katika kitabu cha katiba ya Athens kinachonasibishwa na Aristotle, kilichopotea karne nyingi hata kikapatikana katika mafunjo ya Misri na kupigwa chapa London mwaka 1891. Kitabu hichohicho chamtaja Anytus, aliyekuja kuwa mmoja wa washtaki wa Socrates mwaka 399 K.K., kuwa wa kwanza kuwahonga waamuzi. Basi siri ile haikuwa mchezo.

Kuteua waamuzi nako kulilindwa. Kwa mwaka waliandikwa watu 6,000, na kila asubuhi ya mashauri kura ilipigwa. Katika karne ya nne K.K. ilitumika mashine: bamba lenye safu za vijitundu vya kuchomekea vibao vya majina, na bomba la kuteremshia vidonge vyeusi na vyeupe. Hata mwenye fedha asingejua amhonge nani.

Hapa walimu wenzangu watapendezwa na lugha. Wayunani walikuwa na maneno mawili: “kleros” kwa kura ya bahati, na “psephos”, yaani kijiwe, kwa kura ya hukumu. Neno letu “kura”, lenye asili ya Kiarabu, lilihusu bahati. Leo limebeba mizigo yote miwili.

Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na kibao. Waliokuwa nacho walikithamini mno: vibao vingi vya shaba, vyenye jina la mtu na la kitongoji chake, vimefukuliwa makaburini, walikozikwa navyo wenyewe.