Daftari la Sadaka: Tangu Soko la Watumwa Hata Siku Zetu

Mtu akitoka mjini Unguja na kushika njia ya mashamba, kwenda upande wa ndani ya kisiwa, hufika Kizimbani. Jina hili halitajwi sana katika habari za Misheni, walakini lina mahali pake katika habari za nchi. Maana ni huko Kizimbani, pamoja na Mtoni, ambako Mwarabu Saleh bin Haramil al-Abri alipanda mikarafuu mwanzoni mwa karne ya 19. Baadaye mashamba yake yalitwaliwa na Seyyid Said, na mikarafuu ikaenea Unguja na Pemba hata visiwa hivi vikajulikana duniani kote kwa harufu yake.

Karafuu ilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35, ikaandikwa, ikatozwa ushuru. Na watu waliopanda miti ile na kuichuma, wengi wao watumwa walioletwa kutoka bara, nao walihesabiwa vivyo hivyo. Kila kichwa kilipita forodhani na kutozwa ushuru wake, kama mzigo. Idadi iliandikwa, jina halikuandikwa. Basi tangu zamani Unguja haikukosa watu wa kuandika hesabu. Neno la kuuliza ni hili: waliandika nini, nao waliacha nini?

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Steere walifika Unguja, baada ya Misheni ya Vyuo Vikuu kupata hasara kubwa huko bara na kufiwa na Askofu Mackenzie mwaka 1862. Seyyid Majid aliwapa watoto watano waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Watoto hao walipobatizwa, majina yao yaliandikwa katika kitabu. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Angalia tofauti iliyopo hapa. Katika daftari la forodha angalikuwa namba tu. Katika kitabu cha Kanisa akawa mtu mwenye jina, aliyeitwa, akaitika, akatumwa.

Kisha ikaja habari ya soko. Mwaka 1872, tarehe 15 Aprili, tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja, na wenye mashamba wengi wakafilisika. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 1873, Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Padre Arthur West alinunua sehemu ya kiwanja kile akaitoa kwa Misheni. Na mfanyi biashara Mhindu, ambaye vitabu vya Misheni humwita Jairam Senji, akatoa kiwanja kilichopakana nacho. Siku ya Noeli ya mwaka 1873 jiwe la msingi likawekwa. Padre West alifariki siku ya Noeli ya mwaka uliofuata, kabla kanisa halijainuka. Ibada ya kwanza ikafanywa humo siku ya Noeli ya mwaka 1879. Steere, aliyekuwa Askofu tangu mwaka 1874, alizikwa nyuma ya altare mwaka 1882.

Sababu ya kuzikumbuka habari hizi katika kijitabu cha jubilei ni kwamba kanisa kuu letu limesimama juu ya sadaka. Mkristo alitoa, Mhindu alitoa, na Mwislamu aliyekuwa Sultani akaruhusu. Na sisi twawajua kwa sababu mtu fulani alishika kalamu akaandika. Kama asingaliandika, leo tungalisema tu, “Watu wa kale walijenga,” nasi tungalikuwa tumewanyima haki yao.

Watu wa Misheni siku zile hawakupewa mshahara, ila chakula, malazi na posho kidogo. Fedha zilitoka Ulaya, nyingi katika mitaa ya watu wa kawaida, na waliotoa walitaka kujua zimefanya kazi gani. Kwa hiyo tangu mwaka 1883 Misheni ilikuwa na gazeti lake huko Uingereza, na tangu mwaka 1888 wanafunzi wa Kiungani walichapa gazeti lao la Kiswahili, Msimulizi. Hesabu na habari zilikwenda pamoja. Aliyetoa shilingi moja alikuwa na haki ya kuambiwa.

Wako wanaosema, “Bwana wetu hakutufundisha kutoa kwa siri, hata mkono mmoja usijue la mwenzake? Mbona basi twaandika?” Neno hili ni zito, wala halifai kupuuzwa. Lakini tufahamu ya kwamba amri ile amepewa mtoaji, asitafute sifa. Mtunza mfuko ana amri nyingine. Mtume Paulo, alipochukua changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakukubali kwenda peke yake. Alikwenda na watu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kumlaumu. Na katika wale Kumi na Wawili, aliyeushika mfuko bila kusimamiwa twamjua mwisho wake. Siri humfaa mtoaji. Mpokeaji yampasa mwanga.

Siku zetu serikali nayo imeingia katika jambo hili, wala hatuna budi kulielewa. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na Mamlaka ya Mapato Tanzania hukusanya kodi hiyo Unguja na Pemba pia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ilimruhusu mfanyi biashara kupunguza katika mapato yake yale aliyotoa kwa jumuiya ya wema iliyokubaliwa na Kamishna, ila yasizidi 2 katika 100 ya mapato ya biashara yake. Mfano wake: mtu mwenye mapato ya shilingi 50,000,000 akitoa 3,000,000, huhesabiwa 1,000,000 tu, tena hupunguzwa katika mapato, si katika kodi yenyewe. Na wema uliotajwa na sheria ile ni kusaidia maskini na wenye dhiki, elimu, afya, maji na barabara. Ibada haikutajwa.

Hapo ndipo makosa yatokeapo. Mzee wa kanisa hupokea fedha za zahanati, akazitia katika kapu moja na sadaka ya Jumapili, akaandika jumla. Hata mwaka ukiisha, na mtoaji apaswa kupeleka hesabu zake kabla ya mwezi wa Juni kwisha, huja kuomba stakabadhi, wala haipatikani. Hapo mtoaji amedhulumiwa, na Kanisa limeitwa lisilo na mpango. Na kumbe hakuna aliyeiba hata senti. Basi kila sadaka ya namna hii iandikwe siku ile ile ilipopokewa: tarehe, jina, namba ya mlipa kodi, kiasi, kazi iliyokusudiwa, na namba ya stakabadhi. Ya zahanati ikae mbali na ya altare. Mkulima wa Kizimbani akileta karafuu badala ya fedha, uzani wake uandikwe, na risiti ya mauzo ishikamanishwe. Na daftari zitunzwe, kwa maana sheria ya mwaka 2015 ilitaka zikae miaka 5 kwa uchache. Lakini Kanisa, likikumbuka Padre West, lizitunze zaidi ya hapo.

Tena tusiwaandike wenye mali peke yao. Mjane aletaye kibaba cha mchele hana kodi ya kupunguziwa, wala hataomba stakabadhi. Na huyo aandikwe. Kisiwa hiki kimekwisha kuona daftari zilizojua uzito wa karafuu na zisijue jina la mchumaji. Aibu hiyo isiingie katika nyumba iliyojengwa mahali pa soko lile.

Katika mwaka huu wa jubilei twamshukuru Mungu kwa wote waliotoa, walioandikwa na wasioandikwa. Hao wa pili Yeye anawajua kwa majina. Sisi tulio watumishi tu, yatupasa kuandika.