Kuhama na Kuhamishwa: Kiswahili cha Meru Mbele ya Umoja wa Mataifa

Tunaposimulia safari za Kiswahili nje ya Afrika, aghalabu tunaanza na redio na vyuo vikuu. Mimi huanzia Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima huu tunaouona kutoka Sakina. Jina hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni maji mekundu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Jaji Mark Wilson alichunguza ugawaji wa ardhi katika maeneo ya Kilimanjaro na Meru. Ripoti yake ya 1947 ilitaka pawe na ukanda mmoja wa mashamba ya walowezi, usiokatizwa na makazi ya Waafrika. Ngarenanyuki ilikuwa katikati ya ukanda huo, ingawa sehemu yake Wameru walikuwa wameinunua kwa fedha zao wenyewe. Novemba 1951 askari waliingia. Nyumba zilichomwa, na takriban watu 3,000 wakaondolewa. Walipangiwa King'ori, wakaikataa kwa sababu ya joto, homa na maradhi ya mifugo. Fidia nayo waliikataa.

Nilipofundisha chuo cha ualimu, mnyambuliko wa kitenzi *hama* niliufundishia hapa. Anayehama ana hiari. Anayehamishwa amevishwa viambishi viwili: *-ish-* humleta mwenye nguvu, na *-w-* humficha. Ukisema "watu walihamishwa", sentensi imekamilika kisarufi, na aliyechoma nyumba hayumo. Ndiyo maana maofisa wa kila zama huipenda kauli ya kutendwa.

Jibu la Wameru lilikuwa kumtaja mtendaji. Nchi ya udhamini ilikuwa na haki ambayo Kenya, ikiwa koloni, haikuwa nayo: wenyeji waliweza kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York pamoja na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mbele ya Baraza la Udhamini Kirilo alizungumza Kiswahili, Seaton akafasiri. Mwalimu Nyerere alifika mbele ya Baraza hilo mwaka 1955, miaka mitatu baadaye.

Kwangu uamuzi huo wa lugha una uzito mkubwa. Kimeru kilikuwa lugha ya nyumbani. Kiswahili kiliifanya kesi ya kijiji isikike kuwa ya Tanganyika nzima. Wanahistoria wetu wameandika mengi juu ya ardhi na machache mno juu ya lugha.

Katika Baraza Kuu, azimio la kuwarejesha Wameru halikupata theluthi mbili ya kura. Mradi wa walowezi nao haukustawi kama ulivyotarajiwa, na hatimaye Wameru wakarudi Ngarenanyuki. Huko nako kitenzi hubadilika: wazee husema walirudi, hawasemi walirudishwa.