Neno Zebaki na Historia ya Utambuzi wa Metali kwa Mwanga: Funzo kwa Mpaka wa Busia na Tororo

Dhahabu imechimbwa katika ukanda wa Busia tangu miaka ya 1930, kipindi kilekile ambapo Kakamega, upande wa Kenya, ilifurika wachimbaji. Hadi leo wachimbaji wadogo wa Tiira na maeneo jirani huchanganya mawe yaliyosagwa na zebaki, kisha huchoma donge linalopatikana ili zebaki itoke kwa mvuke na dhahabu ibaki. Mabaki huingia kwenye tope, na mvua huyasukuma kuelekea mitoni. Kwa wakazi wa mpaka huo, kuanzia mji wa Busia hadi mashamba ya Nabuyoga wilayani Tororo, swali ni lilelile: maji yana nini? Makala haya yanajenga hoja kwamba historia ya vifaa vya kujibu swali hilo haitenganishiki na suala la istilahi.

Mwaka 1852 George Stokes alieleza jinsi vitu fulani vinavyofyonza mwanga usioonekana na kutoa unaoonekana, akaipa hali hiyo jina la fluoresensi. Mwaka 1867 Goppelsröder alitumia morini, rangi itokanayo na mimea, kutambua ayoni za alumini. Chembe nano zilikuja baadaye sana. Nukta za kaboni, zilizoripotiwa Marekani mwaka 2004, hung'aa zikimulikwa kwa urujuanimno. Ayoni za zebaki zikishikamana na nyuso zake, mng'aro hufifia. Kadiri mng'aro unavyofifia ndivyo kiasi cha ayoni kinavyokadiriwa, na kulinganishwa na kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha maikrogramu 6 za zebaki isokaboni kwa lita ya maji ya kunywa.

Faida ya mbinu hii ni wepesi wake: kipimo kinaweza kufanyika kando ya kisima badala ya sampuli kusafirishwa hadi maabara ya mbali. Hata hivyo, ayoni za chuma na shaba nazo zaweza kufifisha mng'aro, na udongo mwekundu wa eneo hili una chuma kingi. Kwa hiyo matokeo ya kisimani yanahitaji kuthibitishwa maabarani.

Udhaifu mwingine umo katika lugha. Kiswahili kilipokea neno zebaki kutoka Kiarabu, likitaja metali ile ya majimaji inayong'aa. Leo neno hilohilo hubeba maana tatu: metali ambayo mvuke wake humfikia mchomaji, ayoni zilizomo majini, na methilizebaki inayojilimbikiza katika samaki. Hii ya tatu ndiyo iliyosababisha ugonjwa uliotambuliwa Minamata, Japani, mwaka 1956. Kitambuzi cha ayoni hujibu kuhusu ya pili tu. Taarifa isemayo "hakuna zebaki" inaweza kuwa sahihi kisimani, huku mama anayechoma dhahabu jikoni akiendelea kuvuta sumu.

Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2019, na Kenya mwaka 2023. Katiba za nchi zote mbili zinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Kabla vitambuzi havijasambazwa mpakani, wataalamu wa kemia na wa istilahi wakubaliane majina matatu tofauti, na kila cheti cha kipimo kitaje ni zebaki ipi iliyopimwa na ipi haikupimwa.