Kukesha

Duka la vifaa vya ujenzi Kitengela likifungwa jioni, karani hutoka kwenye akaunti yake, ila kompyuta huachwa inakili hesabu saa sita usiku. Wengine huita hiyo kazi ya kujiendesha. Mimi nasema inakesha, maana iko macho wenyewe wakiwa wamelala.

Kwenye Windows, kazi ya kukesha kwa kawaida huhifadhiwa pamoja na nywila ya mwenye akaunti. Akiibadilisha, kazi hugoma kimyakimya. Diski ya mtandao iliyopewa herufi Z mchana, usiku haionekani, kwa hiyo andika anwani yake nzima. Na stima ikipotea, kama tujuavyo hapa Kajiado, hakuna kesha.