Uchunguzi usiotafuta mkosaji

Mto Tana ukivunja kingo, Garsen hugeuka kisiwa. Wakati wa El Nino ya 1997 na 1998 ilikuwa hivyo, na mwishoni mwa 2023 ikawa hivyo tena, barabara ya Lamu ilipokatwa na maji sehemu za Gamba na Lango la Simba. Majira kama hayo chakula na dawa hushuka kwa helikopta. Wengi wa watu wa huku hawajakata tiketi ya ndege maishani mwao, lakini gharika ikija, uhai wao huwa mikononi mwa marubani. Ndiyo maana swali la ndege ikianguka nani aulizwe, na majibu yake yapelekwe wapi, ni letu pia.

Duniani swali hilo lina jibu la miaka mingi. Mkataba wa Chicago wa 1944 uliweka wajibu wa kuchunguza ajali. Mwaka 1951 kikapitishwa Kiambatisho cha 13 cha mkataba huo, ambacho leo kinasema waziwazi kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kumbebesha mtu lawama au dhima.

Mtu wa Tana River akisikia maneno hayo ana haki ya kushtuka. Juu kidogo ya mto, pale kwenye kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na askari wa kambi hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Hakimu akachunguza vifo hivyo, ikabainika kwamba waliuawa kwa kipigo. Mambo yalifika hadi bunge la London, yakajadiliwa kwa hasira. Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji yale. Ukweli ulipatikana, mwenye kuubeba hakupatikana. Kwa watu wenye kumbukumbu kama hiyo, uchunguzi usiotaka kumtaja mkosaji unanuka harufu wanayoijua.

Hata hivyo nimeshawishika kwamba kanuni ile ni ya haki, na kilichonishawishi ni ajali ya Embakasi.

Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, ndege aina ya Boeing 747 ya shirika la Lufthansa, iliyotoka Frankfurt ikielekea Johannesburg, iliruka kutoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, ikiwa na watu 157. Haikupata nguvu ya kupanda. Iliyumba, ikashuka, ikagonga ardhi mbele kidogo ya njia ya kurukia na kuwaka moto. Watu 59 walikufa. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo 747 yoyote kuanguka na kuua.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza iliyovunjika 1977, ndiyo iliyochunguza. Mbele ya mabawa ya ndege ile kuna vibao ambavyo hutolewa nje wakati wa kuruka, ili bawa liweze kuinua uzito mkubwa katika mwendo mdogo. Vibao hivyo husukumwa kwa hewa itokayo kwenye injini, na siku hiyo vali za kupitisha hewa zilikuwa zimefungwa. Vibao havikutoka. Marubani waliruka bila kujua.

Je, ni kosa la wafanyakazi? Ndiyo, kwa kuwa kukagua ni kazi yao. Lakini ndege yenyewe haikuwa na king'ora cha kuwaonya. Na mara mbili kabla ya hapo marubani wengine walikuwa wamepatwa na tatizo hilohilo, wakaokoka. Mashtaka peke yake yangeishia kwa mtu mmoja. Uchunguzi ulikwenda mbele zaidi, na baada ya hapo Boeing ikaweka mfumo wa kuwaonya marubani kabla ya kuruka. Abiria wengi wamesafiri salama bila kujua kwamba wanawiwa na wafu wa Embakasi. Mhandisi aliyekuwa ndani ya ndege ile alishtakiwa kwao Ujerumani kwa uzembe, na mwaka 1981 akaachiliwa.

Mfikirie mhandisi huyo akikaa mbele ya wachunguzi. Akijua kwamba kila neno lake litasomwa na mwendesha mashtaka, atanyamaza, na wakili yeyote mwema atamshauri anyamaze. Na wale marubani wa mikasa miwili ya awali, waliorudi salama, wangeripoti kama ripoti yenyewe ingewageuza washtakiwa? Mdomo ukifungwa, ndege ya pili itaanguka kwa kosa la ya kwanza. Kwa sababu hiyo Kiambatisho cha 13 kinalinda maelezo ya mashahidi na sauti zilizonaswa katika chumba cha marubani. Ulinzi huo una mpaka wake. Mamlaka husika ikipima na kuona kwamba haki inadai zaidi, maelezo na sauti hizo vinaweza kufunguliwa. Polisi nao hawazuiwi kufanya kazi yao, ila wachunguze kwa njia yao na watafute ushahidi wao.

Milango ni miwili, basi: wa uchunguzi na wa mahakama. Hola iliumiza kwa sababu mlango wa mahakama ulibaki umefungwa hata baada ya ukweli kujulikana.

Kenya imewahi kujaribu njia nyingine. Helikopta ya polisi ilipoanguka Ngong tarehe 10 Juni 2012 na kuwaua watu sita, wakiwemo waziri George Saitoti na msaidizi wake Orwa Ojode, iliundwa tume chini ya Jaji Kalpana Rawal, mashahidi wakahojiwa hadharani na mawakili. Naelewa kwa nini. Waziri wa usalama amekufa, nchi imejaa uvumi, na kikao cha siri kingeuzidisha. Lakini fundi anayehojiwa mbele ya kamera hujilinda kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni kusubiri. Ndege ya Kenya Airways ilianguka Douala Mei 2007, watu 114 wakafa, na ripoti ya Kamerun ikatoka Aprili 2010. Mkataba wa Montreal wa 1999 humpa mfiwa miaka miwili tu kufungua kesi ya fidia. Unachosaidia mkataba huo ni kwamba, kwa safari za kimataifa, hadi kiwango fulani mfiwa hahitaji kuthibitisha kosa la mtu yeyote, kwa hiyo fidia haipaswi kungoja wachunguzi wamalize.

Kiambatisho cha 13 nacho kinataka ripoti ya mwisho itolewe ndani ya miezi 12 ikiwezekana, na ikichelewa, taarifa itolewe kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ajali. Siri ni ya sauti ya rubani katika dakika zake za mwisho. Ripoti si siri, na ajali ikitokea huku kwetu ningependa isomwe kwa Kiswahili barazani Garsen, mbele ya waliofiwa.